Kisigino Kinapouma Asubuhi: Majibu kwa Wasomaji Wetu

Barua za safari hii karibu zote zinazungumzia kisigino. Zimetoka Goma na Bukavu, kwa watu wanaosimama na kutembea kutwa nzima. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Waliojibu ni wataalamu wa kinesiterapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) pamoja na daktari wa mifupa.

Nina miaka 46, nafundisha darasa la tano hapa Goma. Miezi minane sasa, nikishuka kitandani asubuhi kisigino cha kuume kinanichoma kama nimekanyaga msumari. Nikizunguka nyumbani kidogo kinatulia, lakini nikikaa kusahihisha madaftari kisha nikainuka, kinaanza upya. Nilipiga radio (picha ya mfupa), wakaniambia kuna mwiba wa mfupa. Jirani anasema mwiba usipokatwa sitapona. Ni kweli?
*Mwalimu wa Katindo, Goma*

Si kweli, Mwalimu, na tunafurahi umeuliza kabla hujamlipa mtu pesa ya kukata chochote.

Chini ya wayo kuna ukanda mgumu, mweupe. Unaanzia upande wa ndani wa mfupa wa kisigino, unapita katikati ya wayo na kutawanyika hadi kwenye mashina ya vidole vyote vitano. Kazi yake ni kushika upinde wa wayo usilale chini. Kila unapopiga hatua na kisigino kikainuka, vidole hukunjika kwenda juu na ukanda huo hukazwa. Ukikazwa mara maelfu kwa siku, mwaka hata mwaka, nyuzi zake pale unapoanzia huchakaa, huchanika kidogo kidogo, na mwili unashindwa kuziunga kwa mpangilio mzuri. Kwenye karatasi za hospitali zetu ugonjwa huu huandikwa *fasciite plantaire*. Jina hilo linafanya watu wafikiri ni uvimbe wa moto unaohitaji dawa ya kuzima moto. Kwa mtu aliyeumwa miezi minane kama wewe, kilichopo zaidi ni uchakavu, na ndiyo maana vidonge peke yake havimalizi kazi.

Alama yake kubwa ndiyo hiyo uliyoieleza: hatua za kwanza asubuhi, au baada ya kukaa. Ukitaka kujihakikishia, bonyeza kwa kidole gumba chini ya kisigino, mbele kidogo na upande wa ndani, pale upinde unapoanzia. Sehemu inayouma huwa ndogo, kama kifungo cha shati. Kisha vuta kidole kikubwa cha mguu kwenda juu huku umesimama. Wengine husikia maumivu yaleyale, na huo ni ushahidi mzuri. Usiposikia kitu, hilo halikanushi ugonjwa.

Sasa mwiba. Huo ni mfupa mdogo unaoota polepole kwenye kisigino na kuelekea mbele, kwenye vidole. Hauelekei chini kuchoma ardhi kama watu wanavyodhani. Watu wengi wanao na hawajawahi kuumwa hata siku moja. Wengine wanaumwa sana na radio yao haina mwiba. Na wanaopona, mwiba wao hubaki palepale. Kwa hiyo daktari akikuonyesha picha, mshukuru, kisha muulize habari ya ukanda. Kama kuna shaka, ekografia (picha ya mawimbi ya sauti) husaidia kuliko radio, kwa sababu inaonyesha unene wa ukanda wenyewe: ukizidi milimita 4 pale kwenye kisigino, jibu linakuwa wazi.

Anza na zoezi moja, na ulifanye kabla mguu haujagusa sakafu. Kaa ukingoni mwa kitanda, pandisha mguu unaouma juu ya goti la pili. Shika vidole vyote vitano kwa mkono wa upande huohuo, uvivute kuelekea goti lako mpaka usikie wayo unakazika. Kwa mkono wa pili pitisha kidole gumba kwenye upinde: ukanda unapaswa kusimama kama uzi wa gitaa. Usiposimama, hujavuta vya kutosha. Shika hapo ukihesabu sekunde 10, achia, rudia mara 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku: asubuhi kitandani, darasani kabla ya kuinuka mezani, na jioni. Kosa tunaloona kila mara ni mtu kushuka kitandani, kwenda kuosha uso, kisha kukumbuka zoezi. Wakati huo hatua zile mbaya zimeshafanya kazi yao.

Ongeza na shavu la mguu, maana likikazika linavuta kisigino na ukanda unalipa. Simama mbele ya ukuta, mguu unaouma nyuma, kisigino kimelala chini, vidole vikitazama mbele sawasawa. Sogea ukutani kwa sekunde 30 goti likiwa limenyooka, mara tatu, kisha mara tatu tena goti likiwa limekunjwa kidogo. Ukiacha vidole vitazame nje, unajidanganya, mvuto unapotea.

Tegemea miezi, usitegemee siku. Kati ya watu kumi wenye maumivu haya, wanane au tisa hupona ndani ya mwaka bila kisu.

Mimi ni msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, naleta mboga na makaa mjini. Kisigino cha mguu ninaosukumia kimeniuma tangu msimu wa mvua uliopita. Nilipumzika wiki tatu nyumbani, kikatulia. Niliporudi kazini siku mbili tu, kikarudi kama zamani. Nikipumzika watoto hawali. Nifanye nini?
*Papa wa Kanyaruchinya*

Papa, mapumziko yako yametufundisha jambo ambalo tungependa kila msomaji alijue: ukanda wa wayo ukilala tu, maumivu yanapungua na nguvu zake nazo zinapungua. Ukirudi na mzigo uleule, unakuta ukanda dhaifu kuliko ulivyouacha. Unachohitaji ni kazi iliyopimwa, inayopanda ngazi kwa ngazi.

Tuanze na chukudu. Goti moja liko juu ya ubao, kwenye kile kipande cha kambambili (ndala) kilichopigiliwa misumari, na mguu wa pili ndio unaosukuma. Kila msukumo unamalizikia kwenye vidole, na hapo ndipo ukanda unapokazwa kupita kiasi. Wasukumaji wengi wana mguu mmoja tu wanaoupenda. Jifunze kubadili: mguu huu hadi kituo kimoja, mguu ule hadi kinachofuata. Siku za kwanza utajiona kama mtoto anayejifunza, vumilia. Punguza mzigo kwa theluthi moja kwa wiki mbili au tatu, uongeze safari fupi kama soko linaruhusu. Na usisukume kwa kambambili wala miguu mitupu juu ya mawe ya volkano. Vaa kiatu cha kufunga chenye soli ngumu.

Halafu nguvu. Zoezi hili limepimwa na watafiti wa Denmark, wakalilinganisha na kunyoosha peke yake. Baada ya miezi mitatu waliofanya hili walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Tafuta ngazi, kizingiti au jiwe lililochongwa lisilotikisika, kimo cha sentimita 15 hadi 20. Kunja taulo liwe mviringo, liweke ukingoni, kisha kanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo huku vidole vikiwa juu ya taulo, vimekunjika kwenda juu kadiri vinavyoweza bila kulazimishwa. Kisigino kinaning'inia nje. Shika ukuta kwa ajili ya kusimama imara tu, usijivute kwa mikono.

Panda kwa sekunde 3. Kaa juu sekunde 2. Shuka kwa sekunde 3. Hiyo ni moja. Fanya 12, pumzika, rudia hadi ziwe seti tatu. Siku inayofuata usifanye. Ni siku moja ndiyo, siku moja hapana. Kama mguu mmoja unauma mno, anza na miguu miwili pamoja. Baada ya wiki mbili vaa begi mgongoni lenye uzito, hata bidoni la lita 5 lililojaa maji, ambalo ni kilo 5, kisha fanya 10 kwa seti nne. Wiki mbili nyingine, ongeza uzito tena, fanya 8 kwa seti tano. Uzito ni sahihi pale ambapo ile ya mwisho unaimaliza kwa taabu lakini bila kuharakisha.

Mambo yanayoharibu zoezi hili tunayajua kwa majina. Taulo jembamba: vidole havikunjiki, ukanda haufanyi kazi, unabaki unafundisha shavu la mguu tu. Kuruka-ruka juu chini kwa kasi. Kufanya kila siku kwa hamu ya kupona upesi, ilhali nyuzi zinahitaji siku ya kujijenga. Na lililo baya kuliko yote, kuacha wiki ya tatu kwa sababu bado kunauma. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Ukiyapima kutoka 0 hadi 10, yasizidi 5, na asubuhi inayofuata yasiwe makali kuliko asubuhi iliyotangulia. Yakizidi, rudi hatua moja nyuma kwa uzito, usiache.

Siku ambayo lazima usukume mzigo mzito, sparadra (plasta ya kubandika) inaweza kukubeba. Tumia ile pana ya sentimita 3 au 4 isiyonyumbulika. Osha mguu, ukauke kabisa. Bandika ukianzia nje, kwenye shina la kidole kidogo, uzungushe nyuma ya kisigino, umalizie ndani kwenye shina la kidole kikubwa. Kisha vipande vitatu au vinne vya kukatiza chini ya wayo, kutoka nje kuja ndani, ukiinua upinde kidogo unapobandika. Nafuu yake ni ya siku chache. Itoe baada ya siku mbili, au papo hapo ngozi ikiwasha.

Nina kisukari na pressure, nauza unga Kadutu. Kisigino kinaniuma sana. Kijana mmoja mwenye duka la dawa anataka kunipiga sindano kisiginoni, anasema siku moja tu na nimepona. Pia amenipa vidonge vidogo vya dexa ninywe asubuhi na jioni. Nimevinywa siku nne, nimesikia nafuu. Niendelee?
*Mama wa Kadutu, Bukavu*

Mama, tunakuomba usivinywe tena, na uende kumwona daktari wako wa kisukari kesho, ukiwa na pakiti ya vidonge mkononi. Dexa ni dawa ya jamii ya kotisoni. Inapunguza maumivu, ndiyo, lakini inapandisha sukari na pressure, na kwa wenye kisukari inaweza kuipandisha sukari hadi ukalazwa. Pima sukari leo kama una kifaa au kituo kilicho karibu. Kwa siku nne mwili kwa kawaida haujaizoea, lakini wapo wasomaji walioinywa wiki nyingi, na hao wasiikate ghafla. Daktari ndiye atakayewashusha polepole.

Sindano ya kisigino nayo ni kotisoni. Tuseme ukweli wake wote. Inaweza kuleta nafuu ya mwezi mmoja, pengine hadi mitatu, kisha aliyechomwa na asiyechomwa wanakuwa sawa. Bei ya nafuu hiyo ni hii: ukanda unaweza kukatika kabisa, mtu anasikia kama kitu kimepasuka, wayo unavimba na kuvilia damu. Mafuta yanayokinga mfupa wa kisigino yanaweza kunyauka, na yakinyauka hayarudi. Kwa mwenye kisukari, sukari hupanda kwa siku kadhaa na hatari ya kuambukizwa vidudu ni kubwa zaidi. Daktari anayeijua kazi hii huingiza sindano kutokea ubavu wa ndani wa kisigino, mara nyingi akiongozwa na ekografia, katika chumba safi, na humkataza mgonjwa kubeba mizigo kwa wiki kama mbili. Hapendi kuirudia. Hakuna hata moja kati ya hayo litakalofanyika nyuma ya kaunta ya duka. Usikubali.

Tunajua pia wanaochanja chale kisiginoni "kutoa damu mbaya" na wanaoweka jiwe la moto. Kwa mguu wa mwenye kisukari, jeraha dogo la namna hiyo limeshawagharimu watu mguu mzima.

Kabla ya jambo jingine lolote, hisia ya miguu yako ipimwe. Mtu wa nyumbani anaweza kufanya: wewe fumba macho, yeye aguse kwa wepesi sana, bila kusukuma, ncha ya kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano cha kila mguu, kila kimoja kwa sekunde moja au mbili. Useme kila unaposikia. Kati ya vidole sita, usiposikia viwili au zaidi, mishipa ya fahamu imeshaanza kudhoofika. Hapo barafu hairuhusiwi, sparadra hairuhusiwi, na kila jioni wayo unatazamwa kwa kioo, kwa sababu mguu usiosikia haukuambii umechubuka.

Kwa maumivu, parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili, hadi mara tatu kwa siku, kwa siku chache. Ibuprofeni na diklofenaki ziache: kwa mwenye pressure na kisukari zinaumiza figo na kupandisha pressure. (Kwa mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo, figo mbovu, pressure wala mimba, ibuprofeni ya 400 baada ya chakula mara tatu kwa siku inakubalika, isizidi wiki moja.) Zoezi la kuvuta vidole tulilomweleza Mwalimu unaweza kulianza leo. Sokoni kaa kwenye stuli kila inapowezekana, weka mkeka mzito au kipande cha mpira chini ya miguu badala ya kusimama juu ya saruji tupu. Uzito wa mwili nao una sehemu yake. Kilo chache zikipungua, kisigino kinapata ahueni na sukari yako pia. Tunakwambia hili kwa upendo, tukijua kwamba kupunguza uzito ni kazi ngumu kwa mtu ambaye kisigino kimemzuia kutembea.

Kiatu gani ninunue? Nimeambiwa soli za kupimwa hospitalini zinafika dola mia na zaidi. Mimi ni mlinzi wa usiku.
*Msomaji wa Ndosho, Goma*

Weka pesa zako, kaka. Kwa maumivu haya, soli za ndani zilizo tayari dukani zimeonekana kusaidia karibu sawa na zile za kupimwa, na msaada wa zote mbili ni wa miezi ya kwanza tu.

Kwenye mitumba chagua kwa mikono. Bana sehemu ya nyuma inayoshika kisigino: isilegee. Kunja kiatu: kinapaswa kukunjika pale vidole vinapokunjika, siyo katikati. Kishike ncha na kisigino ukikamue kama nguo. Kikizunguka kirahisi, kirudishe. Geuza uangalie soli. Kama upande mmoja wa kisigino umeliwa, aliyekivaa kabla yako amekwishakipinda, na kitakupinda nawe. Kisigino cha kiatu kiwe juu kidogo kuliko mbele, sentimita 1 au 2. Kiatu bapa kabisa ni kibaya hapa, na buti ngumu za ulinzi zisizo na sponji ndani ni mbaya zaidi.

Nyumbani unaweza kukata kipande cha kambambili nene ya zamani, umbo la kisigino, unene wa sentimita 1, uingize ndani ya kiatu. Weka viatu vyote viwili, hata kama unaumwa mguu mmoja, usije ukaanza kuumwa kiuno. Na kambambili nyingine iwe kando ya kitanda: usikanyage saruji kwa miguu mitupu hata kwa kwenda chooni.

Barafu, kwa wanaouliza: chupa ya maji ya nusu lita iliyogandishwa, soksi mguuni, isukume mbele na nyuma chini ya wayo kwa dakika 10 baada ya zamu. Umeme ukiwa umekatika, chupa ya maji baridi inasukumwa vilevile, na sehemu kubwa ya faida inatokana na huko kusukuma.

Nina miaka 24. Visigino vyote viwili vinauma, na asubuhi mgongo wa chini unakuwa mgumu zaidi ya nusu saa, ninapoanza kutembea unalegea. Mwaka jana jicho liliniuma na kuwa jekundu. Mazoezi ya kunyoosha hayasaidii.
*Mwanafunzi, Bukavu*

Hili, mdogo wetu, halifanani na barua nyingine, nenda hospitali uombe kuonwa na daktari wa viungo. Kijana anayeumwa visigino vyote viwili, pamoja na mgongo unaokakamaa asubuhi na kulegea kwa mwendo, na jicho jekundu, anaweza kuwa na ugonjwa wa viungo unaoanzia ndani ya mwili wenyewe. Una dawa zake, na ukianza mapema mgongo unaokolewa.

Wengine ambao wasijitibu kwa ukurasa huu: anayeumwa usiku akiwa amelala, mwenye homa au kisigino chekundu kilichovimba, na aliyeanza kuumwa ghafla baada ya kuruka au kuongeza mwendo. Huyo wa mwisho abanwe kisigino kutoka pande mbili, kwa viganja. Akishtuka kwa maumivu, inawezekana mfupa umepata ufa na anahitaji picha, tena picha ya radio ya wiki ya kwanza inaweza isionyeshe kitu. Ganzi au moto unaotambaa kuelekea vidoleni huelekeza kwenye mshipa wa fahamu uliobanwa. Na uchungu ulio katikati kabisa ya kisigino, unaozidi kadiri mtu anavyosimama, kwa mzee hasa, mara nyingi ni mafuta ya kisigino yaliyopungua. Huyo anahitaji sponji nene, na kumvuta vidole hakumsaidii.

Mwaka na nusu. Nimefanya mazoezi, nimebadili viatu, nimepigwa sindano moja. Ndugu zangu wanataka kunichangia nikatibiwe na mashine nje ya nchi, wengine wanasema nipasuliwe. Mnanishauri nini?
*Papa wa Himbi, Goma*

Kwanza tuulize kwa heshima: mazoezi gani, kwa muda gani? Wengi wanaotuambia wamefanya mazoezi walivuta vidole wiki mbili. Kama hujafanya zoezi la taulo na uzito, siku moja ndiyo siku moja hapana, kwa miezi mitatu kamili, hilo ndilo la kufanya kabla mchango haujaanza. Halitaki hata franka moja.

Sambamba nalo jaribu kifaa cha usiku, kinachozuia wayo usining'inie wakati umelala. Kinashika kifundo kwa nyuzi 90. Soksi ndefu yenye ukanda unaotoka vidoleni hadi chini ya goti inafanya kazi hiyohiyo. Usikaze hadi vidole vife ganzi. Wengi hukitupa usiku wa tatu kwa sababu kinasumbua usingizi. Anza kukivaa kwa muda wa saa mbili jioni ukiwa umekaa, kisha nusu ya usiku, kisha usiku mzima.

Mashine wanayokwambia ni ya mawimbi ya mshindo. Inapiga pale kwenye ukanda mapigo kama elfu mbili kila kikao, na kawaida ni vikao vitatu, wiki moja kati ya kimoja na kingine. Inafaa kwa mtu aliyevuka miezi sita, kama wewe. Inauma wakati inapiga, na matokeo yake huonekana baada ya wiki 6 hadi 12, kwa hiyo usikate tamaa ukirudi nyumbani bila tofauti. Haipigwi kwa mwenye mimba wala anayekunywa dawa za kulainisha damu. Kabla ya kukata tiketi, piga simu uulize mambo matatu: bei ni ya vikao vyote au kimoja, utalala wapi wiki hizo mbili, na je, watakupa mpango wa mazoezi. Kituo kinachouza mapigo bila mazoezi kinakupa nusu ya tiba. Wapo pia wanaouza sindano ya damu yako mwenyewe iliyozungushwa kwenye mashine. Matokeo yake bado yanatofautiana mno hata tukupe ushauri wa kuichangishia ukoo.

Upasuaji upo, na wachache huufikia. Daktari hukata sehemu ya ndani ya ukanda, isiyozidi nusu, kwa sababu akikata wote upinde wa wayo unalala na maumivu yanahamia pembeni na juu ya mguu. Mishipa midogo ya fahamu inapita hapohapo, inaweza kuguswa. Kuna pia upasuaji wa kurefusha shavu la mguu kwa wale ambao kifundo chao hakikunjiki kabisa. Muombe daktari akupime hilo: mgongo wa wayo upandishwe goti likiwa limenyooka, halafu goti likiwa limekunjwa. Kifundo kikigoma goti likinyooka na kukubali likikunjwa, tatizo liko kwenye shavu la mguu, na huenda miezi yote hiyo umekuwa ukitibu chini kile kinachovutwa kutoka juu.

Mtoto wangu wa miaka 11 anacheza mpira kila jioni, visigino vinamuuma, anachechemea akirudi. Ni ugonjwa huohuo?
*Mama wa Ibanda, Bukavu*

Hapana, Mama. Katika umri wa miaka 8 hadi 14 hivi, kisigino bado kina sehemu laini ya kukua, pale kano kubwa la nyuma linaposhika mfupa, na mbio zinaichosha. Mbane kisigino pande mbili upande wa nyuma. Akiumia hapo, ndiyo yenyewe. Asipigwe sindano wala kupewa dexa. Punguza michezo hadi siku mbili au tatu kwa wiki, asicheze miguu mitupu, mwekee kisponji cha sentimita 1 kwenye viatu vyote viwili, na anyooshe shavu la mguu taratibu. Maumivu yataondoka mfupa ukikomaa. Ila akichechemea hata siku asizocheza, au kisigino kimoja kikivimba na homa ikiwepo, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.